Daktari Aliniambia Nina Mgongo wa Bibi

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri jambo. Kwa zaidi ya miaka miwili sikumbeba mwanangu. Sikumbeba mgongoni, sikumpakata, hata kumtoa kwenye beseni la kuogea ilikuwa kazi ya baba yake. Mgongo wangu ulipoanza alikuwa na mwaka mmoja na nusu, yaani umri ule ule wa kubebwa. Khanga niliyokuwa nambebea, iliyochakaa mpaka ikawa laini, niliikunja nikaisukumia chini kabisa ya sanduku. Sikutaka kuiona.

Ilianza na mtungi wa gesi. Jumamosi moja ya Juni 2022 niliinama kuusogeza ule wa kilo 15, kitu kikalia "ka!" kiunoni, nikabaki pale pale jikoni nimeshika meza kama mtu aliyegandishwa. Nililala siku tatu. Mara nyingi jambo kama hili huisha lenyewe ndani ya wiki chache, na hata mimi nilianza kupata nafuu. Kisha nikaenda kupiga picha.

Daktari (hospitali siitaji, na wala sina nia ya kumsema mtu) aliinua picha ya MRI dirishani, akaguna, akasema: "Mama, una miaka 34 lakini mgongo huu ni wa bibi wa miaka 70. Pingili zimesagika. Usiiname, usibebe kitu kizito, na habari za mtoto wa pili tuziache kwanza."

Jamani, maneno yana uzito. Mimi nimesomea mawasiliano chuo kikuu, kazi yangu kila siku ni kupima neno lipi liende kwenye ukurasa na lipi likatwe, lakini sikujua sentensi moja inaweza kumwingia mtu kwenye mwili namna ile. Niliingia chumba kile natembea kawaida. Nilitoka nimeshika ukuta.

Toka siku hiyo nikawa mlinzi wa mgongo wangu. Kiatu kikianguka nakisukuma kwa mguu. Nikipiga chafya nashika kwanza kiti. Nilichoma sindano za kila namna, nikameza vidonge mpaka tumbo likagoma, nikachuliwa kwa mafuta ya nazi na karafuu, nikapigwa chuku. Mume wangu alininunulia mkanda wa mgongo, ule mpana wenye vyuma ndani, nikawa nauvaa kuanzia asubuhi mpaka kulala. Alinunua godoro jipya gumu kama sakafu. Akaanza kufua, kupika, kubeba maji yanapokatika, kumwogesha mtoto. Kila baada ya nusu saa: "Mke wangu, unaumwa? Kaa. Acha, nitafanya mimi."

Najua unachofikiria. Ukisoma jinsi wanaume wanavyolalamikiwa kwenye kurasa hizi hizi, utasema mwenzenu nina bahati. Na kweli nilijiona nina bahati. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba yule bwana alikuwa anapungua uzito, hatanii tena, na kwamba usiku analala pembeni kabisa ya kitanda kama mtu aliyelala kwenye ukuta wa jirani, eti asije akanigusa mgongo. Mambo ya chumbani yalikwisha bila hata ugomvi. Hakuna aliyekataa. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake.

Watu wa nje nao hawakukosa la kusema. Wifi yangu alisema ni chango, nitafutiwe dawa ya kienyeji. Jirani akanong'ona kuna mtu kanifanyia. Ofisini, kwa kuwa mgongo ulizidi wiki ya kufunga jarida, kuna waliosema naukwepa usiku wa kazi. Hilo liliniuma kuliko yote, maana lilikuwa na kaukweli fulani: wiki ile kweli mgongo ulizidi. Sikuwa naigiza. Lakini kwa nini uchague wiki ile?

Safari ya kusini

Oktoba 2024 nilichukua likizo yangu ya siku 28 nikaenda kwetu Mtwara. Nilienda peke yangu. Mtoto alibaki na baba yake, kwa sababu, si unajua tena, nani angemnyanyua?

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na mwaka ule barabara ilikuwa na mitihani yake. Maeneo ya Somanga mvua na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei vilikuwa vimekata madaraja, na ingawa magari yalipita, ulikuwa unarushwa juu ya kiti kama mahindi ya bisi. Nilifika nimepinda. Shangazi yangu, mtu wa Mtwara mjini asiye na subira na mtu anayelia, aliniangalia nikishuka kwenye bajaji akasema, "Kesho hospitali."

Nilitegemea sindano. Daktari aliyenipokea alinipima, akanielekeza chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Humo nikamkuta kijana mmoja mpole, ametoka kusoma KCMC Moshi miaka michache tu iliyopita. Aliniita dada, akaniambia nikae vyovyote ninavyotaka. Hilo peke yake lilinishangaza, maana mimi nilikuwa na namna moja tu ya kukaa.

Kwanza alipita kwenye maswali ya hatari, na naomba uyashike hata wewe. Je, miguu inakosa nguvu au inakufa ganzi sehemu za siri na makalioni? Mkojo au choo kinakuponyoka, au mkojo hautoki kabisa? Una homa, jasho la usiku, unakonda bila sababu? Umeanguka au kupata ajali? Umewahi kuugua kansa? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, usisome makala, nenda hospitali, na hilo la mkojo au ganzi ni la siku hiyo hiyo. Kwetu Afrika Mashariki kuna pia kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibika lakini hakitaki kucheleweshwa. Kwangu majibu yote yalikuwa hapana.

Akachukua bahasha yangu ya MRI, ile niliyotembea nayo kama cheti cha ndoa. Akasoma ripoti. Akauliza, "Daktari alikwambiaje?" Nikamwambia habari ya bibi wa miaka 70. Akatabasamu kidogo.

"Dada, hizi ni mvi za ndani."

Akanieleza kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawana maumivu yoyote. Wazima kabisa, wanacheza mpira, wanalima, wanabeba watoto. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 30, asilimia 52. Wenye miaka 50, asilimia 80. "Yaani ungepigwa picha hii mwaka mmoja kabla ya mtungi wa gesi," alisema, "kuna uwezekano mkubwa ingefanana hivi hivi."

Nilikaa kimya. Halafu nikakasirika. Sikukasirika na yule daktari wa kwanza. Nilikasirika na huyu kijana, maana nilisikia kama ananiambia siumwi.

"Kwa hiyo unasema maumivu yangu ni ya kichwani? Nina wazimu?"

Akasema maumivu yangu ni ya kweli kama ya mtu aliyevunjika mguu. Halafu akanipa mfano ambao nimewasimulia watu wengi toka siku ile. Gari lina king'ora. Mwizi akivunja kioo, kinalia, na ndiyo kazi yake. Lakini king'ora kikishtuliwa mara nyingi kinakuwa kikali, kinalia hata paka akiruka juu ya boneti. Sauti ni ya kweli, majirani wote wanaamka, ila mwizi hayupo. Kwa mgongo ulioumia zaidi ya miezi mitatu, mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona na kinachobaki ni king'ora. Na kinachokifanya kiwe kikali ni vitu vingi: kukosa usingizi, wasiwasi wa kazi, huzuni, maneno uliyoambiwa, kukaa bila kujongea, na hofu. Hofu zaidi ya yote.

Siku hizi haya si mawazo ya pembeni. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno na mgongo wa chini. Linasema watu milioni 619 duniani walikuwa na tatizo hili mwaka 2020, na kwamba kwa kesi kama tisa katika kila kumi hakuna ugonjwa maalumu au jeraha linaloonekana la kulaumu. Linapendekeza elimu, mazoezi, tiba za kisaikolojia zinazomsaidia mtu kubadili fikra na tabia zinazolisha maumivu, na baadhi ya tiba za mikono na dawa za kutuliza. Halipendekezi mikanda ya mgongo iwe tiba ya kawaida. Nilishika kiuno changu chenye vyuma nikaona aibu.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa miaka miwili. Hakuniuliza "unauma wapi" wala "unauma kiasi gani." Aliuliza: "Dada, ni kitu gani umeacha kufanya kwa sababu ya mgongo, kinachokuuma moyoni?"

Nikafungua mdomo kusema "kazi." Ikatoka khanga. Nililia pale mbele ya mtoto wa watu mpaka akanifuatia maji.

Bibi mwenyewe

Sasa hapa ndipo uhondo ulipo. Daktari alisema nina mgongo wa bibi wa miaka 70. Mimi bibi yangu mzaa baba yupo hai, anaishi Madimba, njia ya kwenda Msimbati. Mwaka aliozaliwa hana uhakika nao, ila anasema Uhuru umepatikana yeye ameshachezwa unyago. Fanya hesabu mwenyewe.

Nilienda kwake siku ya nne. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, na mwaka ule bei mnadani ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa nyumbani kupokea mgeni. Nilimkuta shambani chini ya mikorosho na akina mama wengine watano, wameinama, miguu imenyooka, mgongo umelala kama meza, wanaokota korosho zilizoanguka, wanazitenganisha na mabibo, wanatupa kwenye ndoo. Wanaongea na kucheka. Wakichoka wanakaa kivulini, wanainuka tena.

Nilisimama pale na mkanda wangu.

"Bibi, mgongo haukuumi?"

"Unauma. Ulianza kuuma baba yako hajaoa."

"Sasa unafanyaje?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Nafanyaje nini? Korosho zitajiokota?"

Usinielewe vibaya. Siandiki hapa kwamba wanawake wa vijijini hawaumwi, wala kwamba bibi wa miaka sabini na kitu anatakiwa kuinama juani. Anainama kwa sababu hana mtu wa kuinama badala yake, na jioni nilimsikia anavyoshusha pumzi akikaa mkekani. Kazi nzito inaumiza. Kule Nigeria, mtaalamu wa fiziotherapia Chinonso Igwesi-Chidobe amefanya tafiti vijijini Enugu, kwa wakulima na watu wa aina hiyo hiyo, na amekuta maumivu ya kiuno yakiwaelemea vibaya. Ila alikuta pia kwamba anachokiamini mtu kuhusu mgongo wake, na hofu na msongo alionao, vinahusiana sana na kiasi anachoshindwa kufanya maisha yake.

Nilichokiona kwa bibi ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia mgongo wake utavunjika. Anaumwa, lakini hauogopi. Na hakai nao peke yake. Jioni akina mama wale wale walipitia uani kwake, mmoja akamchua kiuno kwa mafuta ya nazi huku wakimsengenya mtu wa ushirika, na kesho yake yeye akamchua mwingine. Mimi Dar nilikuwa na maumivu yangu chumbani, na televisheni.

Kijana wa fiziotherapia alikuwa amenipa kazi. Kutembea dakika nane asubuhi na nane jioni, kwa saa, si kwa maumivu. Yaani ukiumwa unatembea nane, na siku unayojisikia mzima pia unatembea nane, huongezi. Kila baada ya siku mbili unaongeza dakika moja. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ngumu, maana mimi nilikuwa mtu wa kujisikia vizuri Jumatatu, nikafagia nyumba nzima, nikalala mpaka Ijumaa. Kazi nyingine ilikuwa kuandika orodha ya vitu ninavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa, na kuvifanya kimoja kimoja bila mkanda. Kuokota kiatu. Kuinua ndoo nusu. Kuokota korosho. Juu kabisa, peke yake, niliandika: mbeleko.

Siku ya tisa niliokota korosho. Niliinama kama anayeingia kwenye maji ya baridi. Iliuma. Nikasubiri "ka!" haikuja. Nikaokota nyingine. Nilijaza robo ndoo, bibi akachungulia akasema, "Mjini mnalishwa nini nyie?"

"Mama unainama!"

Wiki ya pili mume wangu alikuja na mtoto. Alisema amenimiss, nadhani alikuja kunichukua. Alikuwa ameongea na shangazi kwenye simu, akasikia neno "shamba," akakata tiketi.

Waliingia njia ya shambani mimi nikiwa nimeinama na akina mama. Hakupiga kelele yeye. Aliyepiga kelele ni mtoto. "Mama! Mama unainama! Baba, mama anainama!" Alikuja mbio analia, akanishika miguu, akaanza kunisukuma ninyooke. Mtoto wa miaka mitatu na miezi kumi. "Utavunjika mama, utavunjika!"

Mpenzi msomaji, sijui nikuelezeje. Ile sentensi ya kwenye chumba cha daktari ilikuwa imetoka kwangu ikaingia kwa baba yake, ikatoka kwa baba yake ikamwingia yeye. Alikuwa ameinyonya kama maziwa.

Usiku ule tuligombana. Bibi alikuwa chumba cha pili kwa hiyo tuligombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele. Mume wangu alisema nimepumbazwa na katoto kaliko maliza chuo juzi. Nikamwambia mkanda nimeuacha. Mkanda aliouchangia hela ya mishahara miwili! Akasema, "Mimi nimekosea nini? Kukupenda?" Nikajibu vibaya. Nilisema, "Sijaolewa na nesi." Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Na mimi sikuoa mgonjwa. Lakini ndiye niliye naye."

Kesho yake tulienda wote mjini. Yule kijana alikuwa ametuomba, alisema kwake mwenza ni nusu ya tiba. Alimpa mume wangu kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma. Akamsimulia habari ya mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya jambo hili. Fordyce aliona kwamba maumivu ni ya mgonjwa, lakini kuguna, kushika kiuno na kulala mchana ni tabia, na tabia hukua pale zinapomwagiliwa maji. Mgonjwa akiguna anakimbiliwa, akijitahidi hakuna anayemwona. Taratibu, bila mtu kudanganya wala kukusudia, nyumba nzima inamfundisha kuguna. Kwa hiyo Fordyce aliwafundisha pia wanandoa wa wagonjwa wake: waache kumfanyia mgonjwa anachokiweza, wamsifu anapofanya.

"Kwa hiyo nimpuuze mke wangu?" mume wangu akauliza, sauti imepanda.

"Hapana kaka. Ongea naye kila kitu. Usimuulize tu kama anaumwa."

Basi. Hilo ndilo lililokuwa sharti, kwa wiki nne: marufuku kuuliza "unaumwa?" Aulize kitu kingine chochote.

Jioni ile kabla ya kurudi kijijini tulipita Mikindani. Mtoto alikuwa kwa shangazi. Tulitembea dakika zangu kumi na mbili kandokando ya ghuba, maji yamekupwa, ngalawa zimelalia ubavu. Kwa dakika kama tano hatukuwa na la kuongea. Ukiondoa mgongo, hatukuwa na mada! Halafu, bila kunitazama, akaanza kusimulia habari za baba yake.

Nilijua mkwe wangu alikufa kabla sijaolewa, na kwamba aliugua. Sikujua kwamba alianguka kutoka kwenye mnazi kule Pangani mume wangu akiwa darasa la nne, hakusimama tena, na kwamba kwa miaka sita mtoto yule ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani kabla ya kwenda shule. "Ulivyoganda pale jikoni," alisema, "mimi sikukuona wewe."

Miaka minane ya ndoa, tena na mwanamke ambaye kazi yake ni kuhoji watu. Sikuwahi kuuliza.

Kurudi Dar

Sitaki uone nimerudi Dar nimepona. Kwa ile hesabu yao ya sifuri hadi kumi, nilienda Mtwara nikiwa na nane, nikarudi na nne. Januari 2025, wiki ya kufunga jarida, mgongo ulikaza tena siku tatu. Tofauti ni kwamba safari hii nilikwenda kazini, nikawa nainuka kila baada ya dakika ishirini, na nilimwambia bosi wangu ukweli ambao nilikuwa nimeuficha: kwamba wiki ile inanitisha, na kwamba kurasa arobaini kwa wahariri wawili ni nyingi. Alinipa mtu wa tatu. Nikajiuliza ningeweza kuomba hilo lini kama si mgongo. Mwili unapiga kelele pale mdomo unapoona aibu, au labda hapo namwaga saikolojia ya mtaani. Tuendelee.

Na tiba hizi zina ushahidi, si hadithi yangu tu. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 492 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliofundishwa na wataalamu wa fiziotherapia kuelewa maumivu yao, kujongea bila hofu na kurekebisha maisha, kwa vikao visivyozidi saba ndani ya wiki 12 na kimoja cha kukumbushia, walipata nafuu kubwa kuliko waliotibiwa kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Australia hiyo hiyo, jimbo la Victoria, walianza mwaka 1997 kurusha matangazo ya televisheni yakiwaambia watu jambo moja tu: ukiumwa mgongo usilale, endelea na maisha. Imani za wananchi zilibadilika, za madaktari zilibadilika, na madai ya fidia kazini yakapungua. Tangazo la televisheni! Kwa mtu aliyesomea mawasiliano hiyo ni kama muziki masikioni.

Kwetu wanasaikolojia wa tiba ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Lakini mimi sikutibiwa na mwanasaikolojia. Nilitibiwa na kijana wa fiziotherapia aliyejua kuuliza, na nyumba iliyobadili mazungumzo. Kama hospitali unayotibiwa ina chumba cha fiziotherapia, omba kupelekwa, na uende na mwenzio.

Sharti la "unaumwa?" tumeliendeleza mpaka leo. Siku za mwanzo mume wangu alikuwa anaanza "Una..." kisha anameza, anasema "Una... njaa?" Nimelishwa sana mwezi ule. Kitandani alirudi katikati polepole, na hayo mengine ni yetu.

Aliyebaki ni mtoto.

Yeye hakukubali kirahisi. Nilitoa khanga sandukuni mwezi wa Januari, nikainama, nikamwambia panda. Akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Utavunjika." Nikamwonyesha: naokota kiatu, nainua ndoo, nabeba mchele. Akakataa. Nikakumbuka orodha yangu, nikamuuliza yeye tuanze na nini. Akafikiria sana, akaenda kuleta mdoli wake. Nikambeba mdoli mgongoni siku nzima ya Jumapili, nikapika naye, nikatoka naye mpaka kwa jirani, wale wanaonong'ona wakapata cha kunong'ona. Jumapili iliyofuata akaleta mdoli na mto. Ya tatu akaleta begi lake la shule, akalipima kwanza yeye mwenyewe.

Jumapili ya nne alikuja bila kitu. Baba yake alikuwa kibarazani anajifanya anasoma gazeti. Niliinama, akapanda, nikavuta khanga juu ya makalio yake nikafunga kifuani, na miguu ilikuwa mirefu, ilifika kwenye mapaja yangu. Nikasimama. Alikuwa mzito, mzito sana. Akaweka shavu kwenye bega langu.

"Mama, inauma?"

"Kidogo."

Akanyamaza kidogo.

"Basi twende mpaka dukani."

Tukaenda.